Kidonda Juu ya Kovu la Mama

Mama aliungua akiwa mtoto mdogo, kwao Ukambani. Sufuria ya uji ilimpindukia, ikamwachia kovu kuanzia begani hadi karibu na kiwiko. Sisi watoto wake tulizaliwa tukalikuta. Ngozi ya pale ilikuwa laini, inang'aa, haioti hata unywele mmoja, nami nilipenda kuipapasa.

Aliuza mapazia ya mitumba katika soko la Gikomba. Kila asubuhi alitoka kwetu Makongeni na furushi kwenye bega hilo hilo, kwa kuwa alisema halisikii uchungu. Kwa hiyo kidonda kilipotokea pale, hatukushangaa. Tulisema ni furushi. Akahamishia mzigo bega la pili, akanunua mafuta ya kupaka, tukangoja kipone.

Hakikupona. Kilifanya gaga, gaga likabanduka, kikatoa damu, kikaanza upya. Kingo zake zilivimba na kuwa ngumu. Shangazi akasema ni mkono wa mtu, biashara ina macho mengi. Mimi ndiye niliyekiosha, na swali moja halikunitoka: Mama akijikata kwa kisu cha kukatia mboga za sukuma, kabla ya Jumapili amekwisha sahau. Mbona hapa tu?

Nikampeleka hospitali, na daktari tuliyempata alikuwa mwanamke wa makamo. Hakuanza na kidonda, alianza na kovu.

"Hili ni la lini, mama?"

"Nilikuwa sijaanza shule."

Akampapasa kwapani, akitafuta tezi zilizovimba, kisha akamtia ganzi na kukata kipande kidogo ukingoni mwa kidonda kipelekwe maabara.

Majibu yalipotoka alituambia bila kuzunguka: saratani ya ngozi. Mimi nikauliza, "Daktari, hiyo si ya Wazungu?"

"Ile ya jua huwapata zaidi wao, na watu wenye ualbino," akasema. "Kwetu sisi mara nyingi huanzia penye kovu la zamani, au kidonda kilichokataa kupona. Ngozi ya juu ina seli bapa, zimelaliana kama magamba ya samaki. Palipoungua huchubuka na kujitengeneza tena, miaka na miaka. Mwisho chache hukosea, zikazaana bila kusimama."

"Kwa hivyo si mzigo?" Mama akauliza.

"Mzigo ulichubua tu."

"Na si mtu?"

"Si mtu, mama."

Mama akashusha pumzi. "Basi nimsalimie yule wa kibanda cha pili. Nilikuwa nimemnunia bure."

Nilidhani maswali yameisha, lakini akamgeukia daktari tena. "Hizo seli naweza kuziona?"

Daktari alitupeleka mwenyewe maabara. Mama akainamia hadubini, akakaa hapo muda mrefu, akiwa amefumba jicho moja. Nami nikaangalia. Nilitarajia kitu cha kutisha. Niliona rangi ya waridi na zambarau, na viduara vilivyojikunja tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu kilichokatwa katikati.

"Pazia la rangi hii lingeuzika," Mama akasema. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, akiwa bado ameshika meza.

Upasuaji ulichukua kidonda na sehemu pana ya kovu iliyokizunguka. Pengo lilifunikwa kwa ngozi iliyotolewa pajani, na Mama alilalamikia paja zaidi kuliko bega. Tezi za kwapa zilikuwa safi. Bado anarudi kliniki kuangaliwa, na mkono haupandi tena juu ya kichwa, kwa hiyo mapazia anayatundika kwa ufito wenye ndoano.

Udadisi haukupungua. Majuzi nikiwa naye sokoni alimwona mwuza chai aliyeungua mguu zamani, kitambaa kimefungwa juu ya kovu.

"Hicho kidonda kina muda gani, dada?"

"Tangu kabla ya Pasaka. Kinapona, kinarudi."

Mama aliniachia kibanda wakaenda pamoja hospitali. Walirudi alasiri, wakicheka. Daktari alikuwa amekata kipande, na majibu yalipokuja baadaye kilikuwa kidonda cha kawaida tu, kilichotaka kufungwa vizuri. Mama alitaka kujua kama kipande hicho nacho kilitazamwa kwa hadubini, na kilikuwa cha rangi gani.