Sindano Ndani ya Mfarishi

Mtaani walimwita Mama Viraka, naye hakukasirika, maana viraka ndivyo vilivyomlisha. Mifarishi iliyochakaa, yale matandiko mazito ya vipande vya nguo yenye pamba katikati, ililetwa kwake ikiwa imechomoka nyuzi kama ndevu za mbuzi. Kipande cha zamani hakuking'oa kamwe. Alikiacha palepale, akakifunika kwa kipya na kushona pembeni. "Mtu akiniletea mfarishi wa marehemu mama yake," alikuwa akisema, "hataki nimrudishie mwingine."

Asubuhi hiyo alipeleka mkono kwenye kimto cha sindano bila kuangalia, kama alivyozoea, mkono ukakosa. Ile fupi ya kushonea pembe haikuwapo. Alikung'uta mkeka. Akapapasa upindo wa gauni lake.

"Umeichomeka kwenye kazi tena," binti yake alisema kutoka jikoni. "Nimekwambia, mama, mfarishi si kimto."

"Hebu nyamaza kidogo."

Akawaza, akakumbuka. Jana alikuwa akimalizia mfarishi wa mke wa kinyozi. Fundi bomba akabisha hodi, naye akaichomeka ile sindano kwenye kipande chakavu, mara moja tu, akaenda kumfungulia. Aliporudi akashika sindano nyingine, akatandaza kitambaa kipya juu na kushona pande zote. Jioni wakaja kuuchukua. Ulikuwa wa kumlalishia mtoto mchanga.

Binti yake alimwona anatafuta viatu. "Utawaambia nini? Hii habari ikienea, nani atakuletea kazi tena?"

Alivivaa, akatoka. Njiani alijitungia uongo: atasema amesahau kukaza pindo, auchukue, basi. Akaurudiarudia kimoyomoyo. Nyumba yoyote aliyosikia mtoto analia, aliongeza mwendo, ingawa kwa kinyozi kulikuwa bado mbali. Alipofika hakusikia kilio chochote, na hicho ndicho kilichomtisha zaidi.

"Karibu dada," mke wa kinyozi alimchekea mlangoni. "Mbona unahema hivyo, umefukuzwa na mbwa?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Kalala. Alikuwa analialia tangu jana, hata hatujui ana nini. Sasa hivi ndiyo ametulia."

Ule uongo wote ukamtoka kichwani. "Mnyanyue," alisema. "Kuna sindano humo. Ni yangu."

Mama mtu alikuwa ameshaingia chumbani kabla hajamaliza kusema. Walimvua mtoto nguo zote, wakamgeuza mgongo, makalio, mapaja, nyayo. Hakuwa na alama. Baridi ikamwamsha, akaangua kilio cha hasira, na Mama Viraka hakuwahi kusikia sauti tamu kama hiyo.

Bibi wa mtoto alisimama mlangoni. Mfarishi ule aliushona yeye mwenyewe ujanani. "Fundi gani huyu," alisema, "anayepeleka kazi na chuma ndani yake?"

Mama Viraka aliomba mkasi, akafumua kiraka chake kipya, akaingiza vidole kwenye pamba. Vikagusa kitu chembamba. Akakivuta taratibu.

"Haya, imepatikana," mke wa kinyozi alisema, akashusha pumzi na kuinama ili amlaze mtoto.

"Usimlaze."

Sindano aliyoishika ilikuwa ndefu, nyeusi kwa kutu. Angenyamaza, wangecheka, wangemkaribisha chai. "Hii si yangu," alisema.

Bibi aliichukua, akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Akaikwangua kutu kwa ukucha.

"Ni yangu mimi," alisema hatimaye. "Nilimpiga mdogo wangu kwa ajili ya sindano hii, nikamwita mwizi. Na baba yake huyu mtoto alilala juu yake mpaka alipoanza shule."

Bibi akakaa chini, akavuta upande wa pili wa mfarishi hadi mapajani kwake.

"Anzia huko, mwanangu. Mimi nakuja huku."

Wakapapasa, viganja wazi, kipande kwa kipande, mama mtu akiwa amesimama na kumkumbatia mtoto kana kwamba sakafu nzima ina miiba. Karibu na pindo, Mama Viraka alihisi kitu kinamdunga kidole gumba, kikali, mpaka ndani. Hakuuondoa mkono. Aliukandamiza pale pale, sindano yake isije ikampotea tena.

"Leteni mkasi," alisema.