Siku Bi Dodoso Alipoulizwa Yeye

Miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuuliza watu wanaonaje. Wanaonaje uhaba wa maji, wanaonaje wizi, wanaonaje vijana wasio na kazi. Wenzake ofisini walimpachika jina la Bi Dodoso, kwa sababu dodoso, ile karatasi ya maswali, haikumtoka mkononi, na jina likamkaa kuliko lile la wazazi wake. Mume alikuwa ametangulia mbele ya haki. Binti yake wa pekee aliolewa mbali, akawa anapiga simu kila Jumapili, na simu yenyewe ni ya hujambo mama, sijambo, basi mama, mtoto analia. Maelfu ya watu walikuwa wamempa maoni yao. Ya kwake hakuna aliyeyataka.

Mwaka huo utafiti ulihusu upweke. Usicheke. Kuna wakubwa mahali fulani waliotaka kujua kama watu wanauona upweke kuwa tatizo la jamii, kama wanavyoziona takataka zisizozolewa. Utaratibu ulikuwa ule ule: unaanzia mwanzo wa mtaa, unahesabu, kila nyumba ya tano unapiga hodi. Huchagui yenye kivuli wala ya mtu mchangamfu. Safari hii alipangiwa mtaa wake mwenyewe, mtaa aliokuwa akiuacha alfajiri na kuurudia jua likizama, hata majirani aliwajua kwa nguo walizoanika tu. Nyumba saba akazimaliza bila shida. Alipohesabu tena moja, mbili, tatu, nne, ya tano ikaangukia mlango wake.

Mganga hajigangi, na mdadisi hajiulizi mwenyewe. Sheria inataka aje mwenzake. Msimamizi alipopigiwa simu alicheka.

"Iruke tu hiyo, Bi Dodoso. Chukua inayofuata."

"Haiwezekani. Nyumba ikiangukiwa imeangukiwa," akajibu kwa ukali uliomshangaza mwenyewe. "Nitumie mtu."

Ukweli ni kwamba alitaka kuulizwa. Alitaka mpaka akaona haya.

Alhamisi alifagia mara mbili, akachemsha chai ya watu wawili, akashusha kabatini kikombe cha pili na kukiosha vumbi. Mdadisi aliyekuja alikuwa msichana aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe. Swali la kwanza, umri. La pili, humu mnaishi wangapi. "Mmoja." Yakaenda hivyo mpaka la kumi na saba.

"Mama, kwa maoni yako, upweke katika mtaa huu ni tatizo kubwa, tatizo dogo, au si tatizo?"

Hapo ndipo penyewe. Ukisema ni tatizo, liwe kubwa au dogo, yanafuata maswali kumi na manne: mara ya mwisho ulikula na mtu lini, ukiugua nani anajua, unacheka na nani. Ukisema si tatizo, yote yanarukwa mpaka swali la mwisho. Bi Dodoso aliyajua hayo hata usingizini, na majibu yote kumi na manne alikuwa ameyapanga tangu Jumatatu. Lakini msichana alikuwa anamtazama, kalamu juu, yule yule aliyemwita mwalimu mbele za watu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Neno likamponyoka.

"Si tatizo," akasema. "Hapa tunaishi vizuri tu."

Msichana akatia alama, akafunua kurasa tatu kwa mpigo, akauliza la mwisho, akafunga.

"Yameisha, mama."

"Ngoja kidogo. Lile la kumi na saba, nadhani..."

"Aa, mwalimu!" Msichana alicheka huku akikusanya vitu vyake. "Si wewe uliyetufundisha? Jibu la kwanza ndilo jibu." Akaomba radhi kwa chai, nyumba sita zilikuwa zinamsubiri, akaenda zake. Alikuwa amekaa dakika tisa.

Bi Dodoso alilia, na alilia kwa sauti, maana hakukuwa na wa kumsikia. Alipomaliza akanawa uso, akavuta madodoso yake saba ya mtaa ule ayapange kwa ajili ya ofisi. Dodoso la kwanza, swali la kumi na saba: si tatizo. Dodoso la pili nalo: si tatizo. Yote saba, na baada ya hapo kurasa nyeupe. Siku zote hizo alikuwa akijisifu kwamba amepata mtaa mwepesi. Sasa akamkumbuka fundi cherehani mstaafu wa nyumba ya kona, aliyejibu akiwa amesimama mlangoni, kisha akauliza, "Ndiyo yameisha? Nilidhani ni mengi." Naye akamjibu, "Yameisha, mzee wangu, asante," akakimbilia nyumba nyingine. Mficha uchi hazai, ni kweli, lakini mtu atamfunulia nani, kama muulizaji mwenyewe ana haraka?

Kesho yake alasiri alipiga hodi kwa fundi. Mzee akafungua, akamwangalia mikononi.

"Umesahau swali?"

"Hapana, mzee wangu. Leo sina karatasi." Akapiga moyo konde. "Jana na mimi niliulizwa kama upweke ni tatizo mtaa huu. Nikasema si tatizo. Nilidanganya. Nakaa nyumba ile yenye mlango wa bluu, peke yangu, mwaka wa sita huu."

Mkono wa fundi ulikuwa bado kwenye kitasa. Akageuka akatazama chumbani kwake, halafu akamtazama yeye.

"Ingia basi," akasema. "Lakini humu kiti ni kimoja. Kalia wewe, mimi nitageuza ndoo."