Nilivyogandisha Makalio ya Mama Mkwe Kwenye Boneti

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Nichekeni mkitaka, lakini nisikilizeni kwanza!

Naishi mtaa wa Mbotela, nauza viatu vya mitumba. Dada mkubwa wa mchumba wangu Mwende alikuwa anaolewa, na gari la bibi harusi lilikuwa lile jeusi la baba yao, dereva mstaafu. Nikajitolea kuling'arisha ili mzee anipende.

Muuzaji wa duka la vifaa vya magari alinipa chupa mbili na kunieleza vizuri kabisa.

"Bro, hii ni ya dashibodi na tairi, unapaka unaenda. Hii ingine ni ya rangi ya bodi, hiyo inaganda. Paka kidogo, panguza, na mtu asiguse mpaka ikauke."

Niliitikia huku macho yangu yakiwa kwenye simu. Jamani, ujuaji! Kwangu zote zilikuwa mafuta tu, za kupaka na kwenda. Asubuhi ya harusi nikaimwagia boneti ile ya bodi, nzito, bila kupanguza.

Na mnajua harusi zetu. Gari likishafungwa riboni, lazima kila mtu apige picha nalo! Mama Mwende, mama mwenye mwili wake, akaegemea boneti akatabasamu. Baadaye tukaona makalio yamebaki pale, yote mawili, hadi maua ya lesi!

Mzee akanguruma, "Nani amekalia gari yangu?"

Lesi ilikuwa sare ya akina mama wote. Niliogopa kumtaja mama mkwe, nikaogopa zaidi kujitaja. Nikamwonyesha shangazi yake Mwende, aliyekuwa anakunywa chai.

"Ni Aunty."

"Mimi? Wewe kijana, nimekaa hapa na chai yangu tangu nifike!"

Akaweka kikombe chini, akaenda kujipima kwenye boneti mbele ya pasta aliyekuja kutuombea safari. Wapi! Alama ilimzidi huku na huku. Ploti nzima ikaangua kicheko, na macho yote yakamgeukia Mama Mwende.

Aliingia ndani akajifungia. Tulimbembeleza mlangoni, wapi. Binti yake aliolewa bila mama kanisani.

"Ungesema tu hukupanguza," Mwende aliniambia huku analia nilipomweleza ukweli, "tungecheka, twende kanisa sote."

Mzee alipiga boneti polishi, alama ikaisha. Lakini mbuzi wangu wa posa wamekataliwa, na simu zangu Mwende hashiki.

Ndugu zangu, ya bodi si ya dashibodi, sikilizeni kabla ya kupaka. Na ukiharibu, sema ni wewe, hapo hapo, kabla mama wa watu hajafunga mlango!