Uso wa Ofisini

Kwenye kibanda chake cha kunyolea, kinyozi hakuwa na mchezo na foleni. Uje na harusi yako, uje na haraka zako, utakaa kwenye benchi na kusogea taratibu mpaka ukifikie kioo. Jirani yake alipojaribu kuchomekea alitolewa na taulo shingoni. Nje ya kibanda, mtu huyo huyo hakupanga foleni popote. Alikuwa na binti.

Binti mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mitatu, na nyumbani walimwita Bosi, kwa sababu wengine wote wakisimama yeye amekaa. Miguu yake haikupata kutembea. Alipokuwa mdogo, akikaa muda mrefu kwenye kile kiti cha magurudumu cha zamani, mgongo ulimuuma mpaka akakosa pumzi, na watu wa maofisini, Mungu awape heri, waliwapitisha mbele. Hapo hapakuwa na neno. Kisha kikaja kiti kipya chenye mto mzuri, maumivu yakawa ya mara moja moja. Kupita mbele kukabaki pale pale.

"Ni haki yake," kinyozi alimwambia mkewe. "Ofisi zao zote ngazi tupu. Tunabebwa kama kabati. Wametupunja miaka yote hii, acha na sisi tuwapunje foleni."

Mkewe akasema foleni si mali ya ofisi, ni ya waliopanga. Kinyozi akasema chai imepoa.

Tatizo lilikuwa moja tu. Bosi alikuwa amenawiri, ana mashavu, anacheka ovyo, na mtu wa namna hiyo hapitishwi kirahisi. Ndipo baba na binti wakatunga uso wa ofisini: kichwa upande, macho nusu, na mguno mdogo kila baada ya muda. Bosi alikuwa hodari. Akiambiwa aoshe vyombo huuvaa, na nyumba nzima ikavunjika mbavu. Shangazi yake alimwazima mara mbili kwenda naye benki, akamrudisha na soda.

Siku ya mwisho ya leseni ya kibanda ilifika, na bila leseni kibanda kinapigwa kufuli. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni mpaka kwenye ngazi. Wakabebwa kama kawaida. Ndani palikuwa na joto la tanuri.

"Uso," baba akanong'ona.

Bosi akauvaa bila furaha. Mlinzi alikuwa mbali, anabishana na mtu kuhusu kofia, kwa hiyo wakangoja. Wakangoja sana. Bosi akaguna. Akaguna tena, kwa nguvu.

"Umezidisha. Punguza kidogo."

"Baba, mgongo. Unauma kweli."

"Hapo sawa. Hivyo hivyo."

Mama mmoja aliyekuwa mbele yao akageuka, akamtazama baba, akamtazama binti, akamwinamia sikioni mtu wa mbele yake. Maneno yakasafiri. Mlinzi peke yake hayakumfikia.

"Mzee, pita na mtoto," akasema alipowafikia.

Dirishani haraka zote zilimwisha kinyozi. Akapewa leseni yake, akaiweka mfukoni, akaanza kumshauri karani kuhusu nywele za kisogoni. Karani akauliza kuhusu ndevu. Kinyozi akaeleza ndevu. Alipogeuka aondoke, Bosi alikuwa analia kimya kimya, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, mikono imeyang'ang'ania magurudumu. Uso wa ofisini haukuwa na machozi. Hawakuwahi kuyaweka. Kinyozi akamkimbilia.

Mgongo ukimkamata hivyo dawa ilikuwa moja, kumlaza chali pale pale. Ukutani palikuwa na benchi refu, limejaa watu wanaosubiri.

"Jamani, nipisheni nimlaze mwanangu, anaumwa."

Hakuinuka mtu.

"Mzee, si umeshahudumiwa?" akauliza mmoja.

"Mwambie apunguze kidogo," mwingine akadakia, na benchi zima likacheka.

Kinyozi alitamani ardhi ipasuke. Hakuwa na hata mtu wa kumkasirikia. Akavua shati, akalitandika sakafuni, akamshusha binti yake na kumlaza chali, kisha akapiga magoti na fulana yake yenye tundu huku watu wanamruka kwenda dirishani. Polepole pumzi za Bosi zikarudi.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Uliniamini saa ngapi?"

Angeweza kudanganya. "Ulipolia," akasema.

Bosi akafikiri, macho yapo darini.

"Basi siku nyingine nitaanza na kulia," akasema, wala hakuwa anatania.