Mbio za Konokono kwenye Kioo cha Zamani

Mtaani walimwita Sindano, na ukimwona tu huhitaji kuuliza kwa nini. Alikuwa mwembamba, mwepesi, fundi wa televisheni tangu enzi za vioo vizito vya kubebwa na watu wawili, na hakuna aliyewahi kumkuta ameketi mpaka kiti kikapata joto. Alikula amesimama. Simu aliizungumza huku akiizunguka meza. Marehemu mumewe alizoea kuwaambia rafiki zake kwamba yeye hakuoa mke, alioa feni.

Wiki ile kutotulia kwake kulizidi, na sababu ilikuwepo. Mdogo wake, mwalimu wa hesabu, alikuwa akipoteza macho. Jicho la kulia lilishazimika, na sasa la kushoto nalo lilianza kuona kiza kikinyemelea kutoka pembeni. Daktari hakumficha kitu: angefanyiwa upasuaji Jumatatu, na baada ya hapo lolote lingewezekana.

"Dada," mwalimu alimwambia alipokwenda kumjulia hali, "unazikumbuka mbio za konokono?"

Angezisahau vipi? Walipokuwa vijana, mjomba wao aliwaletea kompyuta ya nyumbani, zile za zamani ambazo mashine yote imejificha chini ya vitufe na picha inaonekana kwenye televisheni ya sebuleni. Likizo nzima wale wawili waliandika mchezo wao wenyewe: konokono wawili, mwekundu na wa njano, wakishindana kuvuka kioo. Yeye mwalimu alipiga hesabu, dada mtu akachapa. Nyumba nzima ilichoshwa na kelele zao.

"Nataka niwaone tena," mwalimu alisema. "Na rangi zao. Kabla ya Jumatatu."

Sindano alikuwa ameshasimama.

Kompyuta ilikuwa juu ya kabati la chumbani, imefungwa kwenye shuka kuukuu. Mke wa mwalimu aliiteremsha huku amenuna.

"Wifi, mgonjwa ameambiwa apumzike."

"Na apumzike. Wa kuhangaika ni mimi."

Kumbe kazi ilikuwa bado. Kile kikasha cha ndani kilichokuwa kikiipeleka picha kwenye tundu la antena kilikuwa kimeliwa na kutu, na televisheni bapa ya sebuleni ilionyesha weusi mtupu. Sindano akakimbilia kwenye kiwanda cha uchapaji kilichofungwa, alikokuwa akitengeneza mitambo zamani. Mlinzi alimruhusu achukue monita nzito ya kioo iliyokuwa ikizuia mlango usijifunge. Aliifuta vumbi, akaiwasha, ikawaka, akarudi nayo sebuleni kwa mdogo wake.

Tabu ni kwamba mashine hizo mbili hazikuwahi kukutana. Plagi ya hii haikuingia kwenye tundu la ile. Ilibidi atengeneze kebo mwenyewe, waya kwa waya: mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa bluu, na wa nne wa mapigo, yaani ile ishara inayokiambia kioo mstari unaanzia wapi na picha inaanzia wapi. Mapigo yakikosewa, rangi zote zinamwagika ovyo.

Na zilimwagika. Alipounganisha kwa mara ya kwanza, picha ilikimbia kutoka chini kwenda juu, imepinda na kuchanika kama nguo iliyonaswa kwenye msumari. Alikata waya, akalehemu upya. Ikakimbia. Akageuza kitufe cha nyuma ya monita. Ikakimbia kinyume. Akajiunguza kidole, akakitia mdomoni, akaenda dirishani, akarudi, akaenda jikoni, akarudi tena.

"Wifi," mke wa mwalimu aliita kutoka jikoni, "hata sufuria zangu umezipanga upya?"

Mwalimu alikuwa kwenye kochi, kichwa amekilaza kama alivyoagizwa. "Dada, umepima?"

"Nimepima."

"Umepima nini?"

Sindano alikata waya mwingine.

"Hujapima. Unakata waya ili mikono iwe na kazi, usije ukakaa hapa ukanitazama."

Maneno yale yalimchoma. Akachukua mkoba na kutoka.

Alirudi na mashine yake ya kuonyesha mawimbi ya umeme, kizee kimoja kilichohitaji muda wa kupata moto kabla ya kuonyesha chochote. Ndiyo maana hakupenda kuitumia. Hapakuwa na la kufanya ila kusubiri. Alisimama na mikono kwapani, akamtazama mdogo wake, zile mvi za kando ya masikio na lile jicho lisilomwona tena.

Mstari ukatokea. Mapigo ya kompyuta yalikuwa yakiruka juu. Monita za kiwanda kile zilitaka mapigo yanayoshuka, na hilo alilijua tangu ujana wake!

"Punda mimi," alisema.

Transista moja na rezista mbili za kuyapindua mapigo zilienea ndani ya plagi. Alilehemu, akawasha. Picha ilitetemeka, ikasimama wima. Maandishi meupe juu ya bluu, na kimraba kikipepesa.

Mwalimu alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Bluu ile ile," alinong'ona.

Furaha haikudumu. Kanda ya kaseti waliyohifadhia mchezo ilikuwa imeota ukungu, na kinasa sauti cha kuisomea kiliitafuna hadi utepe ukaning'inia kama utumbo. Sindano alitukana. Mwalimu akacheka.

"Kaa uandike. Nitakutajia."

"Unaukumbuka wote?"

"Nusu. Nusu nyingine tutaizua."

Basi alimtajia mstari baada ya mstari, macho amefumba, naye akachapa. Kila Sindano alipomtangulia aliharibu, wakarudi nyuma. Wifi yake, mke wa mwalimu, alivumilia mpaka akashindwa, akavuta stuli, akawa anasoma kwa sauti kilichoandikwa ili mwalimu akisahihishe. Jumapili mchana konokono wawili walitokea upande wa kushoto wa kioo.

"Wa kwako anarudi nyuma!" Sindano alipiga kelele.

"Si umemwandika wewe?"

Walicheza kwa zamu. Wifi, aliyekuwa hajawahi kugusa mashine ile, aliwashinda wote wawili, na mwalimu akadai ameibiwa.

Jumatatu Sindano alitembea kwenye korido ya hospitali mpaka mfanya usafi akamwomba atulie angalau sakafu ikauke. Hakuweza. Mwalimu alitolewa na bandeji. Ilipofunguliwa, alikodoa jicho kwa muda mrefu, kisha akasema, "Dada, simama hapo hapo, unanitia kizunguzungu." Sindano alilia mbele za watu bila aibu.

Jicho lilipona, lakini si lote. Katikati lilibaki na ukungu, na nyekundu kwake ikawa kahawia. Mwalimu hakurudi darasani. Wanafunzi wanamfuata nyumbani, anawafundisha hesabu kwa mdomo, na wanaojaribu kumdanganya kwenye majibu hujuta. Sindano alihamishia kazi zake kwenye kibanda cha uani kwa mwalimu. Wifi analalamika kwamba moshi wa kulehemu unaingia kwenye nguo, na juzi ni yeye aliyemnunulia pazia la mlangoni.