Umbo Ni Langu, Ngozi Ni Yake

Saa moja kasoro asubuhi, Kombo amelala chali chini ya ngazi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona. Zege lilimwagwa wiki tatu zilizopita, lakini bado limo ndani ya boksi lake la mbao. Leo boksi linavunjwa.

Anagonga ubao mmoja kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, anagonga wa pili. Vumbi linamwangukia usoni.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," anasema. "Mimi nimepitiliza, nimelala kabisa."

Hatua chache kutoka hapo, juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekaa mwanamume mwenye shati safi mno kwa mahali pa ujenzi. Anaufuta mwiko wake kwa kitambaa, ingawa hauna doa. Huyu ni fundi lipu. Mafundi wenzake wamembandika jina la Hariri, kwa sababu ukuta aliopitisha mkono wake huwezi kujizuia kuugusa. Ndiye mume wa Kombo, na asubuhi hii anaomba ngazi ya mkewe itoke na matundu.

"Siombi," anajitetea. "Nasubiri tu."

"Fisi naye husubiri tu," mkewe anamjibu kutoka chini ya mbao.

Vibarua wawili waliokuja kung'oa mirunda inayolishikilia boksi wanacheka. Wamezoea. Ndoa hii imetimiza miaka kumi na minne, ina pacha wawili wanaosoma, na ina wivu ambao majirani waliuelewa vibaya kwa muda mrefu.

Kombo ni seremala wa maboksi. Kila nguzo, kila boriti na kila ngazi ya zege ilikuwa kwanza ya mbao. Kuna mtu aliyepima, akakata, akapigilia misumari na kupaka oili chafu ili zege lisigande kwenye ubao. Zege likishakauka, mtu huyo huvunja kazi yake mwenyewe. Mbao zilizopona huenda kwenye jengo jingine, zilizopasuka huchemshia vibarua chai. Kisha huja fundi lipu, akafunika kila kitu, akasifiwa.

"Kazi yangu ikifanikiwa, inakufa," anasema Kombo. "Ikiharibika ndipo utasikia watu wanauliza, hivi nani alifunga boksi hili?"

Kombo ni jina la utani, alilipata kwa sababu ndiye seremala pekee kwenye kundi lao anayekubali kazi ya kupinda. Wengine wakioneshwa mchoro wa ukuta wa mviringo hukumbuka ghafla kwamba wana mgonjwa nyumbani. Yeye huuliza tu: unapinda kuelekea wapi?

Kwa siku hulipwa robo tatu ya anacholipwa mumewe. Hilo, anasema, halimnyimi usingizi, kwa kuwa fedha zote huishia sufuria moja. Kinachomnyima usingizi ni picha.

Mwaka jana wawili hawa walifanya kazi kwenye jengo la maktaba. Mchoro ulitaka ngazi inayozunguka bila nguzo katikati. Kombo aliokota gamba la konokono karibu na bomba la nyumbani, akalipasua kwa msumeno wa chuma aone linavyojizungusha bila kuvunjika. Aliloweka mbao nyembamba kwenye pipa, akazichanja mgongoni kwa msumeno, mkato baada ya mkato, mpaka zikakubali kuinama.

"Ubao mkavu ni mbishi kama mama mkwe wangu," anasema, kisha anatazama nyuma kuhakikisha mumewe hajasikia. Amesikia.

Ngazi ilisimama. Hariri akaipaka lipu nyeupe, laini, isiyo na mstari hata mmoja. Gazeti moja, ambalo kwa bahati njema si hili, likampiga picha amesimama kwenye daraja la tatu na mwiko wake kama mfalme na fimbo. Chini ya picha waliandika: "Fundi aliyeipa ngazi umbo lake."

Kombo aliisoma mara moja. Hakuisoma tena, na hakuisahau.

"Wangeandika ameipamba, ningenyamaza. Wangeandika ameing'arisha, ningewapikia chai. Lakini umbo? Umbo ni langu! Yeye alitoa ngozi."

Tunalitumia neno hilo ovyo, nadhani, kwa kuwa limezagaa kila mahali. Tunamwita Mungu Muumba, tunaita milima na miti maumbile, na tunamwambia dada aliyependeza kwamba ana umbo zuri. Mbegu ya maneno yote hayo ni moja. Kombo amelifikiria jambo hili akiwa chini ya ngazi, mahali ambapo mtu ana nafasi ya kutosha ya kufikiri.

"Muumba mwenyewe haonekani," anasema, "lakini Yeye wanamwinamia. Mimi sionekani na siinamiwi." Anaguna. "Mungu anisamehe. Wivu una mdomo mchafu."

Baada ya picha ile Kombo alinuna. Alipakua chakula kimya, akapanga mbao kimya. Mama mkwe alipokuja kuwatembelea na kumuuliza kulikoni, alijibu kwa uchungu: "Mwanao amenipokonya umbo langu."

Mama mkwe alimkagua kutoka juu mpaka chini. Aliporudi kwake alimwita shangazi wa Hariri, na siku ya pili kikao kikakaa sebuleni. Hariri aliulizwa kwa nini anamkondesha mtoto wa watu. Kombo aliambiwa asile mawazo, ale chakula, na avae nguo za kumtoa badala ya ovaroli. Shangazi alikuwa ameleta kitambaa cha gauni.

"Nilisema, shangazi, nazungumzia ngazi," Kombo anakumbuka. "Akanishika mkono akaniambia, ndiyo mwanangu, hata mimi nilipofika umri wako nilianza kuchoka kupanda ngazi."

Hariri anapasuka kicheko kwenye ndoo yake. Kombo anakunja midomo, kisha naye anacheka. Lakini kicheko chake ndicho kinachokatika kwanza.

Wivu huu una mizizi. Baba yake alikuwa seremala wa milango. Kaka zake wawili walirithi milango, naye akapewa mbao zilizokataliwa na kuambiwa azitumie kufunga maboksi ya mifuniko ya mitaro. Milango ya kaka zake ipo hadi leo na watu huwasalimia kwayo. Aliolewa na Hariri akidhani amewakimbia watu wanaosifiwa.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," anasema. "Na zaidi ya hapo, mwanamume mwenyewe ni mwema. Ungekuwa na mume mbaya, ungemchukia ukapumzika. Huyu ananiletea maji ya kuoga. Nitamchukia vipi?"

Ndipo mwanzoni mwa kazi hii ya ukumbi wa chuo, Kombo alipomwendea mhandisi, binti aliyeanza kazi juzi na ambaye bado husikiliza. Alimwomba ngazi moja isipakwe lipu. Ibaki zege tupu, watu waone alama za mbao zilizolizaa.

Mhandisi alikubali kwa sharti moja. Ikitoka safi, itabaki hivyo hivyo. Ikitoka na tundu hata la ukubwa wa yai, Hariri ataipaka yote, na Kombo asimsumbue mtu tena kwa jambo hilo.

Tangu siku hiyo alichagua mbao kama mtu anayechagua mchumba. Alipitia rundo zima akitazama mishipa yake, kwa maana zege bichi hunakili kila kitu. Ubao wenye jicho, yaani ile alama ya mahali tawi lilipoota, mafundi wengine huutupa. Yeye aliutafuta. Aliuweka kwenye kona, pale ngazi inapogeuka.

"Kwenye mti, tawi likitokeza mishipa huzunguka kulipisha," anaeleza. "Nami nilikuwa na kona. Sikubuni kitu, nimeiga mti."

Saa mbili na nusu mirunda ya mwisho inang'oka. Kombo anaingiza mtaimbo kwenye ufa, anakandamiza, na ubao wa kwanza unaachia kwa mlio mkavu. Anaushika usianguke. Nyuma yake kuna zege la kijivu lenye mishipa ya mbao, mstari kwa mstari, wazi kiasi kwamba kibarua mmoja anagonga kuhakikisha si mti.

Hariri amesimama. Hakuna aliyemwona akiinuka.

Mbao zinaendelea kutoka. Ngazi inajitokeza kidogo kidogo, inapanda, inajipinda. Kwenye kona lile jicho la ubao limebaki ndani ya zege, na mistari yote inalizunguka. Mhandisi amefika na kofia yake mkononi.

Kisha unatoka ubao wa chini kabisa, na nyuma yake kuna tundu.

Si kubwa. Zege halikushuka vizuri kati ya nondo, kokoto zimebaki zikionekana kama meno. Hariri ameliona kabla ya wote, maana maisha yake yote ameishi kwa kutafuta matundu. Kombo anamtazama mumewe, si tundu. Uso wa Kombo umeshuka.

"Mhandisi," anaita mwenyewe. "Njoo uone. Lipo hapa."

Mhandisi anachuchumaa, anaingiza vidole vitatu. "Dada Kombo, hili ni yai."

"Yai la nini?"

"Yai ni yai."

"Siyo. Hukusema yai la ndege gani. Kama ni la njiwa, nimeshindwa. Kama ni la mbuni, bado nina nafasi kubwa tu."

Vibarua wanaangua kicheko. Mhandisi anajitahidi kubaki mhandisi, anashindwa, anacheka mpaka anakaa chini. Lakini sharti analilegeza nusu tu, na akishajifuta machozi anamgeukia fundi lipu. "Basi tufanye hivi. Hariri, uzibe hapa tu, sehemu nyingine ibaki."

Hariri amekwisha kuinama na lipu kwenye mwiko. Anausogeza mpaka karibu na tundu. Mwiko unasimama.

"Sizibi," anasema.

"Kidogo tu, fundi."

"Najijua. Nikiziba hapa nitataka kulainisha pembeni. Nikilainisha pembeni nitapanda daraja la pili. Sitaacha mpaka nimefika juu." Anairudisha lipu kwenye karai. "Tangu asubuhi natafuta pa kugusa. Nimekosa, isipokuwa hapa. Sasa mkinipa hapa, nitawaharibia yote, na nitafurahi."

Vibarua wanatazama viatu vyao.

"Baba Pacha," Kombo anasema taratibu. "Unaumwa nini?"

"Unajua ninachoumwa."

"Sijui. Niambie."

"Mama Pacha, usinifanyie hivyo mbele ya watu."

"Mbele ya watu ndiyo pazuri."

Hariri anavua kofia, anaivaa tena. "Ni nzuri," anasema. "Ni nzuri kuliko ile yangu ya maktaba, na mimi sina mkono ndani yake. Basi. Umeridhika?"

Mhandisi anaamua kwamba tundu litabaki. Nondo hazijaachwa wazi, anasema baada ya kumulika kwa tochi, na mtu akiuliza ataambiwa ni yai la mbuni.

Mpigapicha wetu anamwomba Kombo asimame kwenye daraja la tatu. Anapanda na ovaroli yake yenye madoa ya oili. Hariri, kwa mazoea, anasogea naye kuelekea kwenye kamera. Mpigapicha anamwomba apishe kidogo. Anapisha. Anaombwa apishe tena, kwa sababu kivuli chake kinaangukia ngazi.

Anakwenda kusimama kando ya mapipa ya maji, amekumbatia karai lake.

Baada ya picha, Kombo anaeleza mipango yake. Mhandisi amewaita kwenye jengo jingine lenye ngazi mbili zinazotazamana, na amewaomba wote wawili wafanye kazi. Kombo anataka moja ipakwe lipu na moja ibaki tupu, kisha watu wapite waseme wenyewe ipi nzuri.

Je, wakisema ile ya lipu?

Kombo anaipima nyundo mkononi. "Ya lipu nayo boksi nimefunga mimi," anasema. "Atashinda kwa mgongo wangu. Safari hii atajua, na kila mpita njia nitamwambia."

Anamtazama mumewe pale kwenye mapipa. Hariri ameipa ngazi mgongo, lakini kila baada ya muda mfupi anageuza shingo kuichungulia, na akigundua anatazamwa anajifanya anakagua maji. Kombo anayaona yote hayo na uso wake unachanua kama wa bibi harusi.

"Miaka yote hii watu wananiambia, shukuru, mumeo anakupenda," ananong'ona. "Kunipenda alinipenda zamani. Kunihusudu ndiyo leo."