Weusi wa Bastola

Harufu ya mafuta ya bunduki imenikuta leo nikifuta vumbi kwa mzee mmoja Mbelgiji wa mtaa wa Ganshoren, nikajikuta nimechoka kabla sijafika nusu ya kazi.

Nilipokuwa mtoto, Mama naye alisafisha nyumba ya mzee aliyewahi kuishi Kongo, mkusanyaji wa bastola kuukuu za askari wapanda farasi. Siku moja, mimi nimekaa sakafuni, aliisugua moja kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka weusi wote ukatoka. Akampelekea mzee kwa mikono miwili.

"Papa, ilikuwa muchafu sana."

Mzee aliigeuzageuza, akaketi, akamjibu kwa heshima aliyoizoea Kongo. "Maman, ile weusi ndiyo ilikuwa miaka yake."

Mama aliomba msamaha pale, akaomba mlangoni, akaendelea kuomba ndani ya tramu ya kurudi nyumbani, ambako aliyemsikia nilikuwa mimi tu.